Seva na herufi za Kikamba: Jinsi ya kuzuia maandishi kuvurugika mtandaoni

MWALIMU wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni, anaweza kuandika Kikamba sanifu, akakihifadhi vyema na kukiweka mtandaoni, kisha maandishi hayo yakamfikia msomaji wa Kitui yakiwa yamevurugika. Neno mũsyĩ, lenye maana ya nyumbani, huonekana kama mÅ©syÄ©. Aghalabu kosa si la mwandishi wala la msomaji. Ni la seva, yaani tarakilishi inayohifadhi tovuti na kuituma kwa wanaoiomba.

Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya watu milioni 4.6 nchini Kenya walihesabiwa kuwa Wakamba. Lugha yao ina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Irabu mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ, kwa alama ya kiwimbi juu ya herufi. Wengi huacha viwimbi ili kuepuka usumbufu wa mitambo, na kwa kufanya hivyo sauti mbili tofauti huandikwa kwa herufi moja.

Chanzo cha tatizo

Tarakilishi haihifadhi herufi bali nambari, na huhitaji jedwali la kuonyesha nambari ipi ni ya herufi ipi. Jedwali la ISO-8859-1, lililotumika sana katika miaka ya mwanzo ya mtandao, lilitungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Lina ã, ñ na õ, lakini halina ĩ wala ũ. Jedwali la ISO-8859-4, lililokusudiwa Ulaya Kaskazini, lina herufi hizo zote mbili.

Toleo la kwanza la Unicode, la mwaka 1991, lilianzisha jedwali moja kwa lugha zote. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuandika nambari za jedwali hilo kwa baiti. Katika UTF-8, ĩ huchukua baiti mbili, C4 na A9, nayo ũ huchukua C5 na A9. Kivinjari kikidhani kwamba maandishi ni ya ISO-8859-1, huisoma kila baiti kama herufi kamili. Hapo ndipo Ä© na Å© hutokea.

Wasimamizi wa tovuti za Kiswahili huenda wasilitambue kosa hili, kwa kuwa herufi a hadi z zina nambari zilezile katika majedwali yote yaliyotajwa. Hata hivyo, alama ya ritifaa iliyopinda hulifichua: ng’ombe huwa ngâ€™ombe.

Kutangaza na kutafsiri

Kabla ya kutuma ukurasa, seva hutoa tangazo kama hili:

Content-Type: text/html; charset=UTF-8

Tangazo la seva hupewa uzito kuliko lile lililoandikwa ndani ya ukurasa. Ndiyo maana faili husomeka sawasawa ikifunguliwa moja kwa moja kwenye tarakilishi, lakini ikaharibika ikipitia seva. Katika seva ya Apache, tangazo huwekwa kwa amri hii:

AddDefaultCharset UTF-8

Amri hiyo haibadilishi hata baiti moja. Inatangaza tu. Iwapo faili za zamani zimehifadhiwa kwa ISO-8859-4, seva huhitaji kuzitafsiri pia, yaani kubadili nambari za jedwali moja kuwa za jingine. Apache hufanya kazi hiyo kwa moduli ya mod_charset_lite:

CharsetSourceEnc ISO-8859-4
CharsetDefault UTF-8

Amri hizi ziwekewe saraka yenye faili za zamani pekee. Faili ambayo tayari ni ya UTF-8 ikipitishwa hapo, itatafsiriwa mara ya pili, na ĩ itatoka ikiwa ÄŠ.

Seva ya nginx, iliyotolewa mwaka 2004, ina amri za charset, source_charset na charset_map kwa kazi hiyohiyo. Seva hiyo ilibuniwa na Igor Sysoev wa Urusi, nchi ambako maandishi ya Kisirili yalikuwa yakihifadhiwa kwa majedwali kadhaa yanayopingana.

Hasara isiyorekebishika

Si kila uharibifu una uzito sawa. Msomaji akiona Ä©, kwa kawaida baiti za awali zingalipo, na kusahihisha tangazo hutosha. Lakini maandishi yakigeuzwa kuwa ya ISO-8859-1, herufi zisizomo huweza kubadilishwa kuwa alama ya kuuliza, na mũsyĩ ikawa m?sy?. Yakihifadhiwa hivyo, hakuna amri itakayoweza kutambua iwapo pale palikuwa na ĩ au ũ. Dawa ni nakala ya zamani, au mjuzi wa lugha aketi na kusahihisha neno kwa neno.

Hatua za kufuata

Kwanza, nakala rudufu itengenezwe kabla ya badiliko lolote. Pili, jedwali la kila faili lithibitishwe badala ya kukisiwa. Tatu, faili za zamani zigeuzwe mara moja tu:

iconv -f ISO-8859-4 -t UTF-8 zamani.html > mpya.html

Baada ya hapo, amri za kutafsiri ziondolewe kwenye seva, na tangazo la UTF-8 libaki. Nne, hifadhidata ikaguliwe. MySQL ilitumia latin1 kama chaguo lake la kawaida hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018, lilipohamia utf8mb4. Kwa hiyo tovuti zilizoanzishwa kabla ya hapo zinastahili uangalifu zaidi.

Mwisho, ukurasa wa majaribio uwekwe kwenye seva ukiwa na maneno mawili tu, mũsyĩ na ng’ombe, kisha ufunguliwe kwa simu na kwa tarakilishi. Yote mawili yakisomeka kama yalivyoandikwa, seva iko tayari kupokea Kikamba.