Habari za Wakilindi: Tarehe au Hadithi?

Mwalimu apangaye vitabu vya shule hupata taabu afikapo kwa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichopigwa chapa na misioni ya U.M.C.A. kati ya 1895 na 1907. Akiweke pamoja na tarehe, au ngano, au desturi za makabila?

Mwandishi alikuwa mtu wa pwani, akakaa na wakubwa wa Usambara. Mengine aliyasikia, mengine aliyaona. Aanza na Mbegha, mwindaji wa Ngulu, ambaye alikuwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota. Ndugu zake wakamnyima urithi. Akaingia mwituni na mbwa wake, akiua nguruwe na kuwagawia watu nyama, nao wakimpa vyakula vya shamba. Akaua simba, hata Washambaa wakampa nchi, akakaa Vugha.

Kwa miaka mingi niliiruka sehemu hiyo darasani. Nalisema ni ngano tu, na kwamba tarehe yaanza kwa Kimweri ye Nyumbai, kwa kuwa Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena 1852, na kufa kwake mwaka 1862 kwajulikana, pamoja na vita vya jamaa yake vilivyofuata. Nilidhani nimepepeta mchele na pumba. Hata mwanafunzi mmoja akaniuliza: ikiwa Mbegha si kitu, mbona mfalme mpya wa Vugha aliposimikwa watu walimwita Simba Mwene? Sikuwa na jibu.

Nilisaidiwa na Steven Feierman, aliyetoa kitabu juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974. Yeye hakukomea kuuliza kama simba aliuawa kweli. Aliuliza maana ya mfalme kutoka mwituni, mwenye nyama asiye na shamba, mtu wa kuogopwa, kisha akafanywa mwenye mji. Washambaa waliamini kwamba mfalme aweza kuiponya nchi kwa mvua, au kuiharibu. Basi hadithi hiyo ilikuwa pia sheria, nayo ilieleza haki ya kutawala.

Walakini tusiwe wepesi. Hadithi yasema nchi ilitolewa kwa hiari. Na waliopata faida kwa kusimuliwa hivyo ni Wakilindi wenyewe. Kitabu hicho hicho chaeleza jinsi Wabondei, baada ya kufa Kimweri, walivyowaasi Wakilindi na kuwaua katika vita vya Kiva. Mtu asomaye Kiva peke yake huona maasi tu. Aliyemsoma Mbegha kwanza huona kwamba Wabondei walikataa hoja yote ya ile hadithi, kwamba mgeni mwenye nyama astahili kuwa bwana.

Sasa namfundisha Mbegha kwanza, kisha Kiva, na Krapf nyuma yao. Wanafunzi wa Kibondei na wa Kishambaa hubishana sana katika somo hilo, nami siwakatazi.