Kutoka Kukumbusha hadi Kukumbushana: Historia ya Dhana na Uteuzi wa Istilahi

1. Utangulizi

Mtafsiri akabidhiwapo kijitabu cha afya ya wazee hukutana mapema na dhana tatu ambazo visawe vyake havijatulia: maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na utambuzi, ndugu anayemhudumia mgonjwa, na vyombo vya kisasa vinavyowasaidia wawili hao. Maradhi yenyewe wengine huyaita dimenshia, wengine ugonjwa wa kusahau, na wengine, kwa bahati mbaya, kichaa cha uzee. Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 walikuwa na maradhi haya, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako mzigo wa kuuguza huiangukia zaidi jamaa ya mgonjwa.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya dhana hizi inatupa kipimo cha kuchagulia istilahi zake.

2. Maswali ya Daktari

Tarehe 25 Novemba 1901, Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, baada ya mumewe kushindwa kumtunza nyumbani. Daktari Alois Alzheimer alimwuliza maswali na kuyaandika majibu yake: Jina lako nani? Mumeo anaitwa nani? Kitu hiki ni nini? Alipoulizwa jina la mumewe, mgonjwa alitaja jina lake mwenyewe. Alifariki mwezi Aprili 1906, na tarehe 3 Novemba mwaka huo Alzheimer alieleza mjini Tübingen mambo aliyoyaona katika ubongo wake. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliyaita maradhi hayo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha mafunzo. Jalada la mgonjwa, ambalo lilidhaniwa limepotea, lilipatikana mwaka 1995.

Daktari alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa alitaka kuujua ugonjwa. Lakini maswali ya namna hiyo huingia pia majumbani. Mtoto humwuliza mzazi wake: "Mama, mimi ni nani? Huyu pichani ni nani?" Huuliza kwa mapenzi, wala hana nia ya kumdhili. Hata hivyo mama hujikuta mtihanini kila siku mbele ya mwanawe mwenyewe, na kila siku hushindwa. Mwisho mama hunyamaza, na mwana naye huona hakuna la kuzungumza.

3. Jina Lililobadilishwa

Neno la Kilatini lililozaa dimenshia lina maana ya kutokwa na akili. Wajapani nao walitumia neno chihō, ambalo maandishi yake yalibeba maana ya upumbavu. Mwaka 2004 serikali ya Japani iliamua kuliacha, kwa sababu lilimdhalilisha mgonjwa na kuwafanya watu wachelee kutafuta uchunguzi mapema. Mahali pake pakawekwa ninchishō, neno linalotaja utambuzi na hali ya ugonjwa. Ugonjwa haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mlango wa kumfikia mgonjwa. Kwa wanaistilahi, huu ni ushahidi wa kutosha kwamba uteuzi wa neno ni sehemu ya huduma.

4. Chombo cha Wawili

Kwa muda mrefu mazoea ya wazee ya kurejea mambo ya kale yalihesabiwa kuwa dalili ya akili kuchakaa. Mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, alipinga mawazo hayo. Alieleza kwamba kuyapitia upya maisha ni kazi ya kawaida na yenye manufaa ya uzeeni. Katika miaka ya 1980 watumishi wa nyumba za wazee nchini Uingereza walitumia picha, slaidi na kanda za sauti kuwachochea wazee kusimulia.

Mwanzoni mwa karne hii wataalamu wa kompyuta, wasanifu na wanasaikolojia wa vyuo vikuu vya Dundee na St Andrews huko Scotland walitengeneza programu iitwayo CIRCA. Mzee na mwenzake huketi pamoja mbele ya skrini ya kugusa, wakachagua mada, kisha picha, wimbo au filamu fupi. Siri ya chombo hiki ni ndogo, nayo ni nzito. Maradhi haya huharibu mapema uwezo wa kushika jambo lililosemwa punde, ilhali kumbukumbu za ujana hudumu zaidi. Basi skrini humshikia mzee uzi wa mazungumzo, naye huyatoa ya moyoni.

Watengenezaji hawakutumia picha za familia ya mzee, bali picha na nyimbo za watu wote wa zama zake. Picha ya familia huita swali lenye jibu moja: huyu ni nani? Picha ya soko la zamani haina jibu la kukosea. Kila mmoja ana lake la kusema, na mara nyingi mzee ndiye ajuaye zaidi. Walipolinganisha mazungumzo ya aina hii na yale ya kawaida ya picha na vitu vya kale, watafiti waliona kwamba katika yale ya kawaida mhudumu ndiye aliyebeba mazungumzo kwa kuuliza mfululizo. Penye skrini, mzee alichagua na kuanzisha mada, na mazungumzo yakawa ya wawili. Chombo hakiponyi, wala hakishiki nafasi ya mtu.

5. Mapendekezo

Historia hii inatuelekeza kuuliza kila istilahi: je, inamweka mgonjwa chini ya mwenziwe, au kando yake?

Kwa maradhi, tunashauri kichaa cha uzee kiachwe kabisa. Usahaulifu nao haufai, maana kila mtu husahau. Dimenshia itumike katika maandishi ya kitabibu, pamoja na maelezo haya: maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na utambuzi.

Kwa ndugu anayehudumu, neno mlezi limeenea. Lakini katika fomu za ofisi mlezi ni msimamizi wa mtoto. Tukiliandika hapa tunamfanya mama kuwa mtoto wa mwanawe. Lugha yetu ina kitenzi kuuguza, kisichogeuza udugu: mwana anayemuuguza mama hubaki mwana. Tunapendekeza muuguzaji, tofauti na muuguzi wa hospitali.

Kwa mazungumzo yenyewe, ukumbushaji ni wa mwenye kujua kwa asiyejua. Kiambishi -an- kinatupa neno bora: kukumbushana. Chombo nacho kiitwe chombo cha kukumbushana, si kifaa cha kumkumbusha mzee.

Tunawaomba walimu, watafsiri na watumishi wa serikali wayapime maneno haya kazini. Fomu moja yenye neno stahiki yaweza kumwonyesha mwana kwamba hakutakiwa kumtahini mama yake, bali kuketi naye wakazungumza.