Ndege ya alumini ya kujiundia nyumbani: yote yaanzia kwenye tundu

Mwezi wa Julai 2019 ndege ndogo ya viti vinne ilitua Cairo ikitokea Cape Town. Walioiunda walikuwa vijana ishirini wa Afrika Kusini, wavulana kwa wasichana, na kiongozi wao alikuwa msichana wa miaka 17. Njiani walipitia Namibia, Malawi, Tanzania na Ethiopia. Ndege yenyewe ni aina ya Sling 4, ambayo kiwanda chake kiko karibu na Johannesburg na huuza vipande vyake vikiwa ndani ya masanduku. Kazi inayokadiriwa kuchukua saa 3,000 hivi za mtu mmoja, wao waliimaliza kwa wiki tatu, maana mikono ilikuwa mingi.

Wengi wetu tulipoisikia habari ile tulitikisa vichwa. Ndege ya kuunda wenyewe? Nani ataipanda? Swali ni la haki, ndugu msomaji, na halijibiwi kwa kusema "Mungu yupo". Linajibiwa kwa kujua ndege ya namna hii inaundwa vipi, inatunzwa vipi, na zile zilizoanguka zilianguka kwa sababu gani. Sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kutaka kujua: adui mkubwa wa ndege ya alumini ni hewa hii hii ya chumvi inayotula mabati ya nyumba zetu.

Nani anaruhusiwa

Mtindo huu ulikomaa Marekani. Chama cha waundaji, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny, na hadi leo wanachama wake hukusanyika kila mwaka mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kila mmoja na ndege yake. Sheria ya huko ni kwamba ukiunda sehemu kubwa ya ndege, yaani zaidi ya nusu ya kazi, kwa kujifunza au kujifurahisha, unaweza kupewa cheti cha kuirusha. Kwa hiyo kiwanda hakiwezi kukumalizia kila kitu kisha ukajiita muundaji. Ndani ya ndege hubandikwa onyo kwamba haikutimiza masharti ya usalama ya ndege za kawaida, ili abiria apande akijua. Saa za mwanzo, kwa kawaida 25 au 40 kutegemea injini na rafadha, hurushwa katika eneo lililotengwa, bila abiria.

Hapa Kenya mwenye hamu hiyo hana budi kuanzia kwa Mamlaka ya Safari za Ndege (KCAA) kabla hajanunua hata ribiti moja. Kuunda kwanza na kuomba ruhusa baadaye ni kujitafutia pambo la uani.

Bati na mataruma

Jina kubwa katika kazi hii ni Richard VanGrunsven wa jimbo la Oregon. Ndege yake ya kiti kimoja, RV-3, iliruka mara ya kwanza mwaka 1971, na miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni ya Van's Aircraft. Leo ndege zaidi ya 10,000 za ukoo wa RV zimeundwa na kurushwa, nyingi zikiwa zimeundwa gereji na mtu mmoja na mkewe, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, kwa miaka mitatu, minne, au kumi.

Usifikirie alumini ya sufuria. Ile ni laini, unaikunja kwa mkono. Bati la RV ni la aina ya 2024, lililochanganywa na shaba nyekundu kidogo ili liwe na nguvu. Lakini shaba hiyo hiyo hulifanya liliwe upesi na chumvi, kwa hiyo kiwandani hufunikwa pande zote mbili kwa utando mwembamba wa alumini safi. Kwa hivyo kila mkwaruzo unaopitiliza utando huo ni mlango uliofunguliwa. Sling, pamoja na ndege za Zenith za Marekani, hutumia aina ya 6061, yenye magnesi na silikoni. Nguvu zake ni pungufu kidogo, lakini huistahimili chumvi vizuri zaidi. Kama ningekuwa naunda ya kuweka Malindi au Lamu, ningeanza kufikiria hapo kabla ya kufikiria mwendo.

Unene wa bati hilo mara nyingi haufiki milimita moja. Nguvu hutoka kwenye umbo. Bawa lina mhimili mkuu unaobeba uzito wote, halafu lina mbavu, ambazo fundi wa jahazi angeziita mataruma, kisha ngozi ya bati inavutwa juu yake na kufungwa kwa ribiti. Ngozi si nguo ya kufunika tu. Nayo inabeba mzigo, na mzigo huo unapita kutoka kipande hadi kipande kupitia kwenye matundu.

Tundu

Hapa ndipo kazi ilipo. RV moja ina ribiti zaidi ya elfu kumi, na kila ribiti ina tundu lake. Tundu linatobolewa hadi kipimo chake kamili, kisha ukingo wake unasuguliwa pande zote mbili uondoke ule ukali na vinyweleo vinavyoachwa na keekee. Kazi hiyo ya kusugua inachosha kuliko zote, na mvivu huiruka. Asichokiona ni kwamba ukingo mkali ndio mwanzo wa ufa. Bati linapotetemeka mara milioni, ufa hutafuta pa kuanzia, na pa kuanzia ni mahali penye kovu.

Ribiti ya kichwa bapa inahitaji pia tundu libonyezwe liwe na umbo la faneli, ili kichwa kilale sawasawa na bati. Vipande hushikanishwa kwanza kwa vibanio vidogo vya springi, vikafunguliwa tena, vikasafishwa, vikapakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu ndipo vikapigwa ribiti. Kupiga ni kazi ya watu wawili: mmoja yuko nje na nyundo ya upepo, mwingine yuko ndani ameshika kipande cha chuma kizito nyuma ya ribiti. Mkia wa ribiti kabla ya kupigwa unatakiwa utokeze mara moja na nusu ya unene wake. Ukishapigwa, ubapa wake unatakiwa uwe na upana huo huo wa mara moja na nusu, na urefu wa nusu ya unene. Tundu lenyewe lisiwe karibu na ukingo wa bati kuliko mara mbili ya unene wa ribiti. Vipimo hivi si vya kukisia, viko kwenye vitabu, na kuna vigezo vidogo vya kuvipimia.

Jambo moja wageni huwa hawaliamini: ribiti iliyoharibika kidogo mara nyingi ni heri iachwe. Kuing'oa kwa pupa hupanua tundu, na tundu lililopanuka ni baya kuliko ribiti iliyopinda kidogo. Sling na Zenith wamekwepa sehemu kubwa ya taabu hii kwa kutumia ribiti za kuvuta kwa upande mmoja, jamaa wa zile anazotumia fundi wa mabati. Mtu mmoja anaweza kuzifunga peke yake. Lakini tundu ni tundu, nalo linataka heshima ile ile.

Gharama ya kulidharau tundu ilionekana juzi tu. Van's ilikuwa na wateja wengi kupita uwezo wa mashine zake za kutoboa, ikapeleka sehemu ya kazi nje ikatwe kwa miale ya leza. Mwaka 2023 waundaji wakaanza kuona nyufa ndogo kwenye matundu hayo walipoyabonyeza. Wateja zaidi ya 1,800 walikuwa na vipande vya namna hiyo mikononi, wengine wamekwisha kuvifunga ndani ya mabawa. Desemba mwaka huo kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na ilitoka humo mwaka 2024 baada ya kupandisha bei. Kampuni yenye sifa ya miaka hamsini ilitikiswa na tundu lisilofika milimita tatu. Ninachowasifu ni waundaji wenyewe: nyufa zile walizigundua kwa kutazama, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kulitazama kila tundu.

Waya uliolegea

Kisa cha pili ni kizito zaidi kwa sababu kilichukua roho za watu. Ndege ya Zenith aina ya CH 601XL ilikuwa ikivunjika mabawa hewani. Aprili 2009 wachunguzi wa ajali wa Marekani waliitaka serikali izizuie zisiruke. Walichoshuku ni kupapatika: kile kibawa kidogo cha nyuma ya bawa, kinachoilaza ndege upande, huanza kutikisika chenyewe kama bendera, mtikiso unakua, na kwa sekunde chache bawa linaweza kung'oka. Waya wa kukiongoza ukiwa umelegea, hatari huzidi. Mwisho wa mwaka huo ulitolewa utaratibu wa kuimarisha mabawa na kuwekea vibawa hivyo uzito wa kuvisawazisha.

Ndiyo maana ukaguzi hauishii kwenye kuvuta waya kwa kidole na kusema "umekaza". Kuna kifaa cha kupimia mkazo, na kuna namba iliyoandikwa. Nati nayo hukazwa kwa spana yenye kipimo, kisha hupigwa mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Mstari ukikatika, ujue nati imezunguka.

Chumvi na kukaa bure

Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa njiani kutoka Hilo kwenda Honolulu, visiwa vya Hawaii, paa la sehemu ya mbele likachomoka angani. Mhudumu mmoja alifariki, na rubani akafanikiwa kuitua kisiwani Maui. Ndege ile ilikuwa imeruka safari zaidi ya 89,000, nyingi fupi, kati ya kisiwa na kisiwa, katika hewa ya bahari. Bati lilipolaliana na bati, gundi ilikuwa imeachia, unyevu wa chumvi ukaingia, na matundu ya ribiti yakaanza kupasuka moja kuelekea jingine. Ndege ya kujiundia haijazwi hewa kama ile, kwa hivyo haiwezi kupasuka namna hiyo. Lakini maungio ya bati juu ya bati inayo, tena mengi.

Kutu ya alumini si nyekundu. Ni unga mweupe, au rangi inayofura kama lengelenge, au vijistari kama njia ya mchwa chini ya rangi. Huanzia pale bati linapogusana na chuma cha aina nyingine, chini ya boliti, kwenye bawaba, na mahali maji yanapotuama. Dawa yake ni ya kawaida: kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuzibua vitundu vya kutolea maji chini ya ndege, na kupuliza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya maungio kwa utaratibu unaorudiwa. Ribiti iliyolegea hujitangaza yenyewe kwa kutoa moshi mweusi wa vumbi la alumini kuizunguka.

Injini nayo huumwa zaidi ikikaa kuliko ikifanya kazi. Lycoming hushauri mafuta yabadilishwe kila saa 50 kama kuna filta, 25 kama hakuna, na isipite miezi minne hata kama ndege haikuruka. Unyevu hujikusanya ndani na kamshafti, iliyo juu mbali na mafuta, ikashika kutu. Kuiwasha chini kwa dakika tano "ipate joto" ni kuizidishia maji tu. Ama irushwe ipate moto sawasawa, ama ifungwe kwa dawa.

Kuna jambo la mwisho kwa atakayenunua ndege iliyoundwa na mwingine. Marekani, aliyeunda anaweza kuomba cheti cha kuikagua ndege yake mwenyewe kila mwaka. Cheti hicho hakihamii kwa mnunuzi, kwa hivyo yeye lazima amlipe fundi mwenye leseni. Kabla ya kutoa pesa, omba daftari la muundaji na picha alizopiga ndani ya mabawa kabla hayajafungwa. Kama hana hata moja, chukua tochi na kioo kidogo cha mkono, fungua vifuniko vya ukaguzi, na anza kuhesabu matundu.