Neno la Kila Siku na Jirani wa Bonde la Kilombero

Bonde letu la Kilombero ni bonde la watu waliotoka mbali mbali. Wandamba ndio wavuvi wa zamani wa mto, wenye mitumbwi. Wambunga walikuja kutoka kusini katika karne ya 19, kwa nguvu ya mikuki, wakakaa pande za Ifakara. Wapogoro wako Mahenge milimani, na kila kabila lilikuwa na kisa chake juu ya jingine. Kunywa maji ya mto mmoja hakukuwafanya wazee wetu wapendane. Ujirani wa mashamba na ujirani wa moyo ni mambo mawili.

Mwaka 1902 Wabenediktini walianza misioni ya Kwiro, karibu na Mahenge. Haukupita muda mrefu, mwaka 1905, Vita vya Majimaji vikazuka, nao Wapogoro na Wambunga wakalishambulia boma la Wajerumani la Mahenge. Baada ya mapigano ikaja njaa, kwa maana serikali iliteketeza mashamba na ghala ili watu washindwe. Yafaa tuseme kweli: walioleta habari ya upendo na walioteketeza chakula walikuwa wa taifa moja, na mwenyeji hakuwa na njia rahisi ya kuwapambanua.

Vita Vikuu vya kwanza vikawaondoa wamisionari Wajerumani. Mwaka 1921 wakafika Wakapusini wa Uswisi, na masista wa Baldegg. Wakapusini ni wana wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na hapa nataka tukae kidogo. Fransisko alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa nguo, kijana wa anasa, tena hakuweza hata kuwatazama wakoma. Katika wosia wake wa mwaka 1226, mwaka wa kufa kwake, asimulia kwamba Bwana mwenyewe alimpeleka kwao, naye akawatendea huruma. Ndipo kilichokuwa kichungu kikageuka kitamu. Angalieni mpango wa mambo hayo. Hakungoja apende kwanza ndipo aende. Alikwenda, akatenda, upendo ukafuata nyuma. Naye alikuwa msikilizaji wa Injili wa namna ya peke yake: aliposikia kanisani jinsi mitume walivyotumwa bila mfuko wala viatu, alivua viatu vyake. Wengi wetu tungelisifu mahubiri, kisha tukarudi nyumbani na viatu vyetu.

Huko Ifakara wana wake walijenga hospitali yenye jina lake, na mahali pa kuwatunza wakoma paitwapo Nazareti. Zamani mwenye ukoma alitengwa: kibanda chake mbali, chombo chake mbali. Dawa za sulfoni zilianza kutumika duniani miaka ya 1940, na tangu miaka ya 1980 dawa za mchanganyiko zimeuponya ugonjwa wenyewe. Walakini dawa yaua vijidudu tu. Haiwezi kumrudisha aliyepona kati ya watu wanaokula sahani moja. Kazi hiyo ni ya jirani zake, nayo hukawia kuliko kupona kwa jeraha.

Basi jirani hao walijifunzia wapi? Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa imechapwa tangu mwaka 1891, lakini katika nyumba za Wakatoliki vijijini kitabu kilikuwa haba. Mtu alilijua Neno kwa sikio, mwalimu wa dini akisoma na watu wakisikiliza. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza waamini wote wayasome Maandiko, na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki wakakaza kusimamisha jumuiya ndogo ndogo. Hivyo Neno likaingia uani. Nami naona jambo kubwa la jumuiya si nyimbo zake, bali ni kwamba mtu hachagui atakaye kaa naye. Huketi na yule nyumba yake ilipo, hata kama ndiye mnayegombania mpaka wa shamba. Husomwa fungu moja, hunyamazwa kidogo, kisha huulizwa: leo tumtendee nani nini?

Wengine husema, Jumapili yatosha. Lakini mama zetu walipokuwa wakitwanga mpunga kwa kinu, hawakutwanga wa mwaka mzima siku moja. Walitwanga wa kupikwa siku ile. Na Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku, iliyolazwa ikaoza. Upendo nao ni hivyo, kwa kuwa jirani wa leo huja na shida ambayo jana hakuwa nayo.

Shida ya siku zetu twaijua sote. Wafugaji, Wasukuma na wengineo, wamekuja bondeni na ng'ombe wengi, na mwaka 2012 serikali iliendesha kazi ya kuwaondoa kwa nguvu, kwa ajili ya kuihifadhi ardhi oevu. Magomvi ya ng'ombe na mpunga hayakuisha kwa hayo. Mkulima aliyesoma asubuhi habari ya Msamaria katika Luka, kisha adhuhuri akakuta ng'ombe katika mpunga wake, yeye ndiye ajuaye uzito wa sura ile, kwa maana Wayahudi na Wasamaria nao walikuwa na kisa cha zamani. Neno halimnyimi haki yake. Na aende barazani, shamba likaguliwe, alipwe fidia. Linalomkataza ni kusema “hao wote”. Mwenye ng'ombe ana jina, na kijana anayewachunga ana mama yake. Huenda naye ni Mkristo, na jioni ile ile, nyumbani kwao, akasomewa sura ile ile, kwa Kiswahili kile kile.