Ujasiri wa Kurudi Nyumbani

Fungueni pamoja nami Injili ya Marko, sura ya 5, tangu aya ya 1 hadi ya 20. Bwana Yesu amevuka ziwa pamoja na wanafunzi wake, wakafika nchi ya Wagerasi. Huko anamponya mtu aliyekaa makaburini, ambaye hata minyororo haikuweza kumzuia. Watu wa nchi ile wanapoyaona hayo hawafurahi. Wanaingiwa na hofu, nao wanamsihi Bwana aondoke mipakani mwao.

Angalieni jambo moja ambalo wengi hulipita haraka. Yule aliyeponywa anaomba aingie chomboni aende na Bwana. Ombi jema, sivyo? Lakini Bwana anamkatalia. Anamwagiza arudi nyumbani, kwa watu wa kwao, akawaeleze aliyotendewa. Yaani anatumwa kwa wale wale waliomfahamu alipokuwa uchi, na ambao wamekwisha kumfukuza Mwokozi wake. Hiyo ndiyo kazi iliyohitaji ujasiri kuliko kupanda chombo.

Sasa natuvuke ziwa letu wenyewe.

Mwezi wa Novemba mwaka 1906 watu wawili walivuka Ghuba ya Winam kutoka Kisumu, wakashuka Kendu Bay, katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Homa Bay. Mmoja alikuwa Mkanada, jina lake Arthur Carscallen. Wa pili alikuwa Mwafrika, Peter Nyambo, mzaliwa wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Wote wawili walikuwa wamesoma katika chuo cha Waadventista Wasabato huko Uingereza. Wakachagua kilima cha Gendia, karibu na ziwa, wakaanza kazi.

Tusidhani kwamba walipokelewa kwa vigelegele. Mwaka mmoja kabla yao, 1905, serikali ya kikoloni ilikuwa imepeleka jeshi kuwapiga Wakisii, na mwaka 1908 ikapeleka tena. Habari za bunduki na ng'ombe walionyang'anywa zilijulikana kila boma. Mgeni mweupe alipokuja na kitabu mkononi, mzee mwenye busara alikuwa na haki ya kuuliza: Je, nyuma ya kitabu hiki kuna nini?

Neno la Mungu halikukimbia katika siku hizo za kwanza. Carscallen alilazimika kujifunza lugha kama mtoto, tena akaandika sarufi ya Kijaluo. Shule ikafunguliwa, vijana wakaanza kusoma. Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1911. Hesabuni wenyewe: ilipita zaidi ya miaka minne ya kulima, kufundisha, kuugua homa na kungoja. Katika siku zetu mhubiri akikaa miezi minne bila kuongeza watu huanza kutafuta mji mwingine. Basi hapa kuna somo la kwanza juu ya ujasiri. Kusema kwa sauti kuu ni sehemu yake ndogo. Mara nyingi ujasiri ni kubaki mahali ulipotumwa wakati hakuna anayekusikiliza.

Lakini, ndugu zangu, hata ujasiri wa mgeni una mpaka wake. Mgeni akichukiwa, ana kwao kwingine. Wale vijana wa kwanza waliobatizwa hawakuwa na kwao kwingine. Jioni walirudi kwenye boma la baba, penye moto ule ule na wazee wale wale. Hapo ndipo upinzani wenyewe ulipokuwa.

Watu waliwapa jina: jonanga, watu wa nguo. Lilikuwa jina la kuonyesha kwamba hawa wamejitenga na wenzao. Na kweli mambo mengi yaliwatenga. Desturi ya Wajaluo ilikuwa kumng'oa kijana meno sita ya chini, ili ahesabiwe kuwa mtu mzima wa kabila. Mkristo aliyekataa alichekwa kuwa mtoto. Palikuwa na pombe ya matanga na matambiko kwa ajili ya waliokufa. Palikuwa na desturi ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu. Aliyekataa mojawapo ya hayo hakusemwa kuwa ana maoni tofauti. Alihesabiwa kuwa mtu wa hatari.

Kwa nini wa hatari? Wengi wenu mnaonisikia kutoka Karachuonyo, Kanyamkago au Karungu mwalijua neno chira. Wazee waliamini kwamba anayevunja mwiko huleta chira, ugonjwa wa kudhoofika polepole mpaka kufa. Na huenda chira isimpate mkosaji peke yake bali ikaingia kwa mkewe na watoto wa boma lote. Sasa mfikirieni baba wa siku zile. Mwanawe ametoka shuleni, anasema hatafanya desturi fulani kwa sababu anamfuata Yesu. Baba anapomkemea, hata akimpiga, moyoni anaona anawaokoa wajukuu wake na kifo. Upinzani wake ulikuwa na upendo ndani yake, upendo uliofungwa na hofu.

Tusipolifahamu hili, tutashuhudia vibaya. Kuna ndugu ambao wakipingwa huona mbele yao shetani tu, wala hawamwoni mtu mwenye hofu. Wakajibu kwa matusi, kisha wakarudi kanisani kutoa ushuhuda kwamba wameteswa kwa ajili ya Injili. La hasha. Wakati mwingine tumeteswa kwa ajili ya ulimi wetu. Mtu yule wa Wagerasi hakuagizwa akawaambie jamaa zake ubaya wao. Aliagizwa akawaeleze jinsi Bwana alivyomrehemu. Ushuhuda wa rehema ndio unaoweza kuifikia hofu ya mzee.

Kisha ukaja upinzani wa namna nyingine. Mwaka 1913, mtu mmoja wa Alego, Onyango Dunde, alisema kwamba nyoka mkubwa ametoka ziwani, akammeza, akamtapika akiwa mzima, na kumpa ujumbe. Nyoka huyo aliitwa Mumbo. Ujumbe ulikuwa kwamba dini ya Wakristo imeoza, Wazungu ni adui, nao wataondoka. Watu warudie mavazi ya ngozi na kuacha nywele zikue, na Mumbo mwenyewe atawapa chakula na mifugo. Habari hiyo ilivuka upesi ikaingia Nyanza Kusini, ikapata wafuasi kwa Wajaluo na kwa Wakisii.

Mwaka uliofuata vita vikuu vilianza. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walitoka upande wa Tanganyika wakafika Kisii, na Waingereza wakaondoka mjini kwa muda. Watu wakaona kwamba maneno ya Mumbo yametimia. Ofisi za serikali zikaporwa, hata na vituo vya misheni vilivyokuwa huko. Serikali iliporudi ilitoza adhabu kali, na baadaye, mnamo 1921, viongozi wa Mumbo walihamishwa wakapelekwa mbali, Lamu.

Sisi Wakristo tunapoisimulia habari hii tuwe wakweli. Hasira ile haikuzuka bure. Palikuwa na kodi ya nyumba, palikuwa na kazi za kulazimishwa, na vita vilipowaka vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Mkulima aliyeona mmisionari na bwana mkubwa wa serikali wakiwa na rangi moja na lugha moja, angewatenganishaje? Upinzani mwingine dhidi ya Injili huwa ni kilio juu ya udhalimu, kilichoelekezwa kwenye mlango usio wake. Na wakati mwingine mlango wa kanisa haukuwa safi pia, kwa kuwa lilinyamaza.

Ndiyo maana napenda tumkumbuke Peter Nyambo. Hakukaa Gendia muda mrefu. Lakini mwaka 1914 alikuwa London, amebeba ombi kwa Mfalme wa Uingereza kwa niaba ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia, akieleza jinsi walivyotendewa katika nchi yao wenyewe. Ombi lile halikupata jibu walilolitaka. Hata hivyo tazama mtu huyu: miaka minane mapema alivuka ziwa kuwapelekea watu wa Kendu Bay Neno la Mungu, kisha akavuka bahari kuwaambia wakubwa neno la haki. Je, ni ujasiri wa aina mbili? Mimi naona ni mmoja. Anayemcha Mungu hawezi kusema kweli kwa wanyonge tu na kunyamaza mbele ya wenye nguvu.

Je, kazi ya Gendia ilizimika? Haikuzimika. Vituo vilienea hadi Rusinga, Kanyadoto, Karungu na Kamagambo. Kamagambo, karibu na Rongo, katika kaunti ya Migori ya leo, ikawa mahali pa kufundishia walimu. Na walimu hao ndio waliorudi makwao, kwa watu waliowafahamu tangu utotoni. Mgeni alileta mbegu, lakini shamba lililimwa na wenyeji.

Nitamtaja mmoja tu, Paul Mboya wa Karachuonyo. Alisoma misheni, akawa mchungaji, na katika miaka ya 1930 akawa chifu wa watu wake. Mwaka 1938 alitoa kitabu kwa Kijaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kinachoeleza desturi na maisha ya Wajaluo. Fikirini: mtu wa jonanga, aliyedhaniwa amewakimbia wazee, ndiye aliyeketi kusikiliza mambo ya wazee na kuyaandika ili yasipotee. Kumfuata Kristo hakukumfanya awadharau watu wake. Mshuhudiaji hodari ni yule anayewajua watu wake vizuri, na anayejua pia kwa nini mambo fulani hawezi kuyafuata tena.

Wasikilizaji wangu, leo hakuna jeshi linalokuja Kisii, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kuitangaza imani yake. Basi kwa nini tunaogopa bado? Kwa sababu upinzani mzito haukutoka serikalini. Ulitoka mezani petu, na ungali mezani petu.

Kuna mjane huko Nyatike, au Mbita, au Suba, ambaye mazishi yamekwisha na wakwe wanangoja arithiwe. Anamwamini Bwana, naye hataki. Anaambiwa ataleta chira, watoto watakufa, shamba halitapandwa. Ni nani atakayesimama mbele ya ukoo? Mhubiri wa kutoka mbali hawezi kulisema jambo hilo na kusikilizwa. Anayeweza ni shemeji aliyeokoka, mtu wa boma lile, akisema kwa heshima: Wazee wangu, mimi ni mwana wenu. Huyu mama tutamlimia na watoto tutawasomesha, bila kumrithi. Kisha mvua inyeshapo aonekane shambani kweli, jembe mkononi. Asipoonekana shambani, heri angenyamaza.

Kuna mwanamke anayeuza samaki katika fuo za Homa Bay, ambaye haambiwi bei ya fedha tu, bali anatakiwa atoe na mwili wake ndipo apewe samaki. Jambo hilo linajulikana, lina hata jina lake ziwani: jaboya. Mvuvi Mkristo anajua. Wenzake chomboni wanamwona Jumapili au Sabato akiimba. Je, atasema neno Jumatatu, nyavu zinapovutwa? Kusema kunaweza kumpotezea nafasi chomboni. Hiyo ndiyo gharama, nami sitaki kuificha.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Katika Injili mambo si rahisi hivyo. Bwana mwenyewe alikataliwa Nazareti. Lakini hakuacha kwenda. Na mitume, katika Matendo ya Mitume sura ya 4, walipotishwa na wakuu hawakuomba vitisho viondolewe. Waliomba wapewe ujasiri wa kusema Neno hata vitisho vikiwapo. Ombi hilo lilijibiwa siku ile ile, mahali walipokuwa wamekusanyika. Basi ujasiri si tabia ya kuzaliwa nayo, kwamba huyu anayo na yule hana. Ni kitu kinachoombwa, tena huombwa pamoja na wenzetu. Usiende kwa ukoo wako kabla hujapiga magoti pamoja na ndugu wawili watatu.

Yule mtu wa Wagerasi alikwenda. Marko anasema alitangaza habari katika Dekapoli, miji kumi, na watu wote wakastaajabu. Nchi iliyomfukuza Yesu kwa chombo ilimsikia kwa kinywa cha mwana wake.

Na tuombe. Ee Bwana uliyevuka ziwa usiku kwa ajili ya mtu mmoja, twakushukuru kwa waliovuka kutuletea Neno lako, na kwa baba na mama zetu waliolishika walipochekwa. Wakumbuke wajane wanaosukumwa leo. Utupe upole kwa wazee wetu, kweli mbele ya wakubwa, na ujasiri wa kurudi nyumbani. Kwa jina la Yesu, Amina.