Kuhesabu kwa Kirusi: Mashaka ya Mwingereza

Watu wengi hudhani kuwa kuhesabu ndiyo sehemu nyepesi ya lugha ngeni. Mwingereza ajifunzaye Kirusi hufika salama mpaka kumi. Mashaka yake huanza pale anapotaka kuhesabu kitu. Katika lugha yake meza ni moja au ni nyingi, basi. Katika Kirusi huambiwa kuwa meza moja ni stol. Meza mbili, tatu au nne ni stola. Meza tano ni stolov. Na akifika ishirini na moja hurudi kwenye stol. Wengi hukata tamaa hapo, wakanena kuwa lugha hii haina sheria. Sheria ipo, ila hapana budi itafutwe katika historia.

Zamani Kirusi kilikuwa na umoja, uwili na wingi. Stola lilikuwa neno la uwili. Uwili ulipokufa, umbo lake lilisalia nyuma ya mbili, kisha likashikwa na tatu na nne zilizo jirani zake. Kwa kuwa lilifanana na umbo la umilikaji katika umoja, likahesabiwa kuwa ndilo. Ama tano na zilizo juu yake zilikuwa majina kamili: msemaji hakunena meza tano, bali tano ya meza, kama sisi tunenavyo jozi ya viatu. Basi kila Mrusi ahesabuye leo hupita kando ya kaburi la uwili. Wala Mwingereza hana haki ya kushangaa sana. Lugha yake nayo ilikuwa na neno la sisi wawili na neno la ninyi wawili, yakatoweka yapata karne ya 13.

Tutazame na arobaini. Ishirini, thelathini na hamsini za Kirusi zimejengwa kwa kumi. Arobaini yaitwa sorok, neno lisilofanana na nne wala kumi. Wanazuoni wengi hulihusisha na fungu la ngozi arobaini za sobol, mnyama mdogo wa misitu ya kaskazini ambaye manyoya yake yalikuwa mali kubwa. Katika mwaka wa 1553 Mwingereza Richard Chancellor alifika kwa jahazi penye mlango wa mto Dvina, akaenda Moscow kwa mfalme Ivan wa Nne. Na mwaka 1555 wafanya biashara wa London wakapewa hati ya kufanya biashara na nchi ile. Waingereza nao walikuwa na desturi ya kufunga ngozi za manyoya arobaini arobaini, na fungu hilo wakiliita timber. Neno la Kirusi lilikuwa geni kwao, lakini hesabu yake ilikuwa ya nyumbani.

Sisi nasi tuna jambo la namna hii. Twasema watu watano na watu wanane, lakini watu sita, watu saba, watu tisa. Sita, saba na tisa zilitoka katika Kiarabu, wala hazikukubali kuvikwa viambishi vya Kibantu. Nimepata kuulizwa sababu na mwanafunzi mgeni, nikamjibu kuwa ndivyo isemwavyo. Alinyamaza kwa adabu, akaandika daftarini, na siku ya pili akasema "watu wasita". Kosa lile lilikuwa langu kuliko lake. Nilimpa amri mahali alipotaka sababu, na amri isiyo na sababu haikai moyoni.

Mwalimu wa Kirusi amwambiaye Mwingereza akariri tu humtendea vivyo hivyo. Amweleze habari za uwili uliokufa na za ngozi za sobol; jedwali litabaki refu kama lilivyokuwa, lakini mwanafunzi hatasema tena kuwa halina sheria.