Athari za ukame kwa miche ya miti

Athari za ukame kwa miche ya miti ni mabadiliko yanayotokea katika ukuaji na fiziolojia ya mti mchanga unapopoteza maji mengi kuliko yale unayofyonza ardhini. Miche huathirika kuliko miti mikubwa kwa sababu mizizi yake bado iko katika udongo wa juu, ambao hukauka kwanza, na akiba yake ya maji na chakula ni ndogo.

Fiziolojia

Udongo unapokauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka ndani ya mche na kufanya stomata, yaani vitundu vidogo vya majani, zijifunge. Upotevu wa maji hupungua. Lakini dioksidi kabonia huingia kupitia vitundu hivyohivyo, kwa hiyo usanisinuru nao hupungua na mche hutengeneza sukari kidogo. Jani pia hupata joto zaidi, kwa kuwa mvuke unaolipoza umepungua.

Ukame ukizidi, mapovu ya hewa huziba zilemu, yaani mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Mishipa mingi ikiziba, mche hufa hata ukimwagiliwa maji.

Ukuaji

Seli changa hutanuka kwa msukumo wa maji yaliyomo ndani yake. Ndiyo maana ukuaji wa majani na shina hupungua mapema, mara nyingi kabla usanisinuru haujashuka sana. Majani mapya huwa madogo, na ya zamani yanaweza kupukutika. Mizizi huendelea kukua kwa muda mrefu zaidi, hivyo uwiano kati ya mizizi na sehemu za juu huongezeka.

Mfano wa mninga

Mninga (Pterocarpus angolensis) hukua katika misitu ya miombo, yakiwemo maeneo mengi ya Tanzania. Wakati wa kiangazi shina la mche wake hufa, lakini mzizi mnene hubaki hai na kuchipua tena mvua zinapoanza. Hali hiyo hujirudia kwa miaka kadhaa, hadi mzizi uwe na akiba ya kutosha kukuza shina la kudumu. Hivyo mche unaoonekana umekufa unaweza kuwa hai chini ya ardhi.

Kukomaza miche

Wiki chache kabla ya kupanda, watunza vitalu hupunguza maji na kivuli kidogokidogo ili miche izoee hali ya shambani. Mche mrefu wenye majani mengi na mizizi michache huvutia kitaluni, lakini shambani hukauka haraka. Miche hupandwa mwanzoni mwa msimu wa mvua, udongo ukiwa umelowa vya kutosha, ili mizizi ishuke chini kabla ya kiangazi. Palizi na matandazo husaidia kuhifadhi unyevu.